Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Mbuzi na watoto watibiwe wiki moja

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya yetu,
Mkoa wa Mtwara.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UPELE UNAOTOKA KWA MIFUGO KWENDA KWA WATU, NA HUDUMA TUNAYOIKOSA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa mbuzi katika kijiji kimojawapo cha huku juu, Uwanda wa Makonde. Ni mzazi, na ni mkulima wa korosho kama majirani zangu. Jina la kijiji silitaji hapa kwa sababu watoto wetu wameshachekwa vya kutosha shuleni. Ofisi yako inalo, limo kwenye barua zetu zenye mhuri wa mtendaji wa kijiji. Barua hizo zilipita kwa mtendaji wa kata, nyingine zikaenda mifugo, nyingine zikaenda afya. Diwani wetu amelisemea jambo hili. Majibu tuliyopata yote ni ya mdomo, kwamba suala linashughulikiwa. Msimu wa kupulizia mikorosho umepita, msimu wa kuuza umepita, mbuzi bado wanachunika ngozi na watoto bado hawalali. Ndiyo maana leo tunakuandikia mbele ya watu wote. Hatukuandikii kukuvunjia heshima. Tunakuandikia kwa sababu wewe ndiye mwenye kuziita idara zote mbili mezani.

Nieleze kwanza tunachokizungumzia, maana kuna waliosoma barua zetu wakadhani ni harara.

Upele huu unaletwa na mdudu mdogo wa jamii ya utitiri, ndugu wa kupe, mwenye miguu minane. Jike lake halifiki nusu milimita. Anachimba ndani ya tabaka la juu la ngozi, anataga mayai mawili au matatu kwa siku, mayai yanaanguliwa baada ya siku tatu au nne, na katika wiki mbili hivi uzao wake uko tayari kuanza upya. Mtaliano Giovan Cosimo Bonomo alimweleza mdudu huyu katika barua ya mwaka 1687. Hatuzungumzii ugonjwa mgeni, na hakuna sababu ya kusubiri utafiti ndipo tutibiwe.

Mdudu huyu ana aina zake. Kuna wa mtu, kuna wa mbuzi, wa mbwa, wa nguruwe. Kila aina imemzoea mwenyeji wake. Wa mbuzi akimpata mtu anachimba na anawasha sana, ila hawezi kuendeleza uzao kwenye ngozi ya mtu, kwa hiyo baada ya wiki chache vipele huisha vyenyewe, mradi mtu huyo asigusane tena na mnyama mgonjwa. Ndugu Mkurugenzi, shida yetu yote iko kwenye hilo sharti la mwisho. Mtoto anayewatoa mbuzi bandani asubuhi, akabeba vitoto vyao kifuani, akawarudisha jioni, anaambukizwa upya kila siku.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mbuzi wa mradi waliletwa bila kukaguliwa vizuri na bila karantini.

Kabla ya mradi wa kopa mbuzi lipa mbuzi, mbuzi wetu walikuwa na matatizo yao, minyoo na kwato, lakini hatukuwa na ukurutu wa namna hii, yaani upele wa wanyama. Wale wa mradi walishushwa kwenye gari mchana, wakagawiwa jioni ileile. Baadhi yao walikuwa wameota magamba masikioni na kuzunguka macho. Tulipouliza tukaambiwa ni vumbi la safari na uchovu. Baada ya muda wakaanza kujisugua kwenye nguzo za banda mpaka damu. Manyoya yakanyonyoka, ngozi ya uso, ya masikio na ya ndani ya mapaja ikawa nene na kupasuka kama ganda la muhogo mkavu. Majike yakakonda. Wenye ukurutu kwenye kiwele walikataa kunyonyesha kwa sababu ya maumivu, na vitoto vikafa.

Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 ipo, na mifugo haisafirishwi bila kibali. Mfugaji wa kawaida akikamatwa njiani na mbuzi wawili bila karatasi anapata taabu. Tunauliza karatasi za mbuzi wa mradi ziko wapi, nani aliwakagua, na kwa nini hawakutengwa wiki mbili au tatu mahali pamoja waangaliwe kabla ya kuchanganywa na wa kwetu. Swali hili tumeliandika zaidi ya mara moja na halijajibiwa.

2. Afya wanatupeleka mifugo, mifugo wanaturudisha afya.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na naomba ulisome taratibu.

Siku moja pale zahanati muuguzi aliwapanga watoto wawili dirishani penye mwanga. Wa kwanza alimfungua vidole, akatuonyesha katikati ya kidole cha shahada na cha kati kistari chembamba cha kijivujivu, kimepinda, kina kidoa mwishoni. Mtoto huyo alikuwa na vipele viungoni mwa mkono, kwapani, kiunoni na matakoni, na mama yake alisema anawashwa zaidi usiku. Wa pili hakuwa na kistari chochote. Alikuwa na vipele vyekundu kwenye mikono kwa ndani, tumboni na mapajani, sehemu zilezile anazomkumbatia nazo mbuzi mchanga, na vilianza siku moja baada ya kushinda bandani. Muuguzi akasema wa kwanza ana upele wa watu na familia nzima itibiwe, na wa pili ataendelea kupata vipele mpaka mbuzi watibiwe. Akasema pia kwamba mbuzi si kazi yake, na hapo hakuwa na la kuongeza.

Tukaenda kwa afisa mifugo. Naye hana ubaya. Ana kata zaidi ya moja, pikipiki yake mara ina mafuta mara haina. Alituambia dawa ya mbuzi tununue wenyewe, na habari za watoto tuwaone watu wa afya.

Sasa angalia linalotokea, Ndugu Mkurugenzi. Mzazi mmoja anapata dawa ya mtoto, anampaka, mtoto anapoa, anarudi bandani, anawashwa tena, mzazi anasema dawa ni feki. Jirani yake anauza kuku ili achome mbuzi wake sindano, lakini mbuzi wa nyumba ya pili hawajachomwa, wote wanalala chini ya mwembe mmoja mchana, na baada ya mwezi mbuzi wake nao wanajikuna. Fedha za wote wawili zimepotea. Tiba ya upande mmoja imetumaliza mfukoni kuliko ambavyo tungetumia kama tungetibu kijiji chote mara moja.

Serikali yenyewe imeshakubali kwamba magonjwa ya namna hii hayatibiki kwa idara moja. Lipo dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ajili hiyo. Majirani zetu wa Lindi wanakumbuka mwaka 2022, homa ya mgunda ilipozuka Ruangwa: wagonjwa 20, watatu kati yao wakafariki, na wataalamu walitumwa mpaka ikajulikana ni ugonjwa unaotoka kwa wanyama. Tunajua upele hauui kwa kasi ile. Tunachosema ni kwamba wataalamu wa wanyama na wataalamu wa binadamu wanaweza kukaa pamoja wakitakiwa, na kwetu hakuna aliyewataka wakae.

3. Dawa zahanati hazilingani na ugonjwa.

Mtoto akipelekwa anaweza kurudi na vidonge vya kutuliza mwasho peke yake. Vidonge hivyo vinamsaidia kulala, havimuui mdudu. BBE, ile dawa ya maji ya kupaka inayoua mdudu, ikiwepo, inatolewa chupa moja kwa mtoto mmoja, wakati nyumba ina watu saba wanaolala vitanda viwili na mkeka. Mtu anayepata upele wa watu kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuhisi mwasho wowote, na muda wote huo anaambukiza. Ukimtibu yule anayejikuna tu, umewaacha watakaomrudishia ugonjwa.

Tunaomba pia maelezo yatolewe vizuri. Wengi wetu tulikuwa tunapaka palipo na vipele tu. Dawa inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayo, chini ya kucha, katikati ya vidole, na inarudiwa kama ilivyoelekezwa. Nguo na shuka za siku hizo zinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au zinafungwa kwenye mfuko kwa siku kadhaa bila kuguswa, kwa sababu mdudu wa upele wa watu hadumu zaidi ya siku mbili tatu nje ya ngozi. Maelezo haya yangeweza kubandikwa ukutani pale zahanati kwenye karatasi moja.

4. Tunaambiwa ni uchafu.

Hili linatuuma. Sabuni haimfikii mdudu aliyejichimbia ndani ya ngozi. Upele wa watu unasambaa kwa kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda, yaani kwa kulala pamoja, kubebana, kubanana, na anayeoga mara mbili kwa siku anaupata vilevile. Halafu tunaambiwa tuoge na tufue kila siku na watu wanaojua kabisa kwamba huku uwandani maji yananunuliwa kwa ndoo, na kiangazi bei inapanda. Mama anayefua shuka za watu saba ametumia maji ya kupikia ya siku kadhaa.

Shuleni watoto wanaficha mikono chini ya dawati. Wapo waliorudishwa nyumbani mpaka wapone, bila mtu kusema watatibiwa wapi. Binti mmoja wa darasa la sita aliacha kwenda shule kwa hiari yake, kwa sababu wenzake walikataa kukaa naye dawati moja, na upele wake ulikuwa ule wa mbuzi, ambao asingeweza hata kuwaambukiza. Mwalimu hakuambiwa tofauti, angejuaje?

Kuna jambo lingine ambalo ofisi isiyo na watu wa huku inaweza kulisahau. Likizo ndefu zikifika, watoto wa kiume wanaingia jandoni. Wanalala pamoja kumbini kwa wiki kadhaa, mmoja akiwa na upele wa watu wote wanatoka nao. Ngariba na wazee wetu wako tayari kusaidia, wameshasema hivyo kwenye mkutano wa kijiji. Wanachotaka ni muuguzi afike kabla watoto hawajaingia, awakague, wenye upele watibiwe kwanza.

5. Watu wameanza kujitibu kwa vitu vya hatari.

Pasipo huduma watu hawakai bure. Nimeona mbuzi waliopakwa oili chafu ya gari mwili mzima. Oili ile ina sumu, inapita kwenye ngozi, mbuzi anajilamba, na nyama yake inaliwa. Nimeona watu wanachukua salfa ya kupulizia mikorosho, ile ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, wanaichanganya na mafuta ya nazi na kumpaka mtoto. Ninajua wametoa wapi wazo hilo, kwa sababu salfa kweli ni dawa ya upele ya zamani, na mafuta ya salfa ya asilimia 5 hadi 10 yanayotengenezwa kwa ajili ya ngozi yanatumika hata kwa watoto wachanga na wajawazito. Lakini ile ya shambani haikutengenezwa kwa ngozi ya mtu. Inaunguza macho, inachubua, na vumbi lake linakaba kifua. Mtoto mdogo kijijini kwetu alivimba kope zote mbili.

La kutisha zaidi ni ivermectin ya mifugo. Watu wamesikia kuwa kuna kidonge cha ivermectin kwa binadamu, na ni kweli kipo, tena Shirika la Afya Duniani liliiweka ivermectin kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya upele mwaka 2019. Basi wanachukua chupa ya sindano ya mbuzi wanakadiria kwa kijiko. Dawa ya binadamu inapimwa kwa uzito wa mtu, na haipewi mtoto wa chini ya kilo 15 wala mjamzito. Naandika hili hadharani ili anayesoma aache leo, na ili ofisi yako ione ukimya wake unatufikisha wapi.

6. Kuku na mbwa nao wamesahauliwa.

Kuku wetu wanalala jikoni, na kuku anayeatamia mara nyingi anawekwa kwenye kikapu uvunguni, asiliwe na kicheche. Utitiri wa kuku hauchimbi ngozi. Unanyonya damu usiku na mchana unajificha kwenye nyufa za ukuta, kwenye fito na kwenye kiota. Kuku akishatotoa na kuondoka, utitiri uliobaki kiotani unapanda kitandani. Mtu anaamka na vipele shingoni na mikononi, anakwenda zahanati, anapewa dawa ya upele ambayo haina kazi hapo. Dawa yake ni kuchoma nyasi za kiota mara vifaranga wakitoka, kuziba nyufa na kuhamisha kuku nje ya chumba cha kulala. Ni elimu ya nusu saa kwenye mkutano wa kijiji, haina gharama.

Mbwa wa kulinda mashamba wanatembea hawana manyoya mgongoni. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwamo kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa ulioanza mwaka 2010, na watu walizoea kuwaleta mbwa wao kwa kamba siku ya chanjo. Siku kama hiyo afisa anamwona kila mbwa kwa macho yake. Kwa nini mwenye ukurutu asitibiwe palepale?

Ndugu Mkurugenzi, najua baadhi ya majibu yatakayokuja, kwa sababu tumeyasikia kwenye korido za ofisi.

Tutaambiwa bajeti haitoshi. Tufanye hesabu. Ivermectin ya sindano ya mifugo ya asilimia moja inachomwa chini ya ngozi mililita moja kwa kilo 50. Mbuzi wa kilo 25 anahitaji nusu mililita. Chupa ya mililita 50 ina dozi 100 za mbuzi wa uzito huo, maana yake inatosha mbuzi 50 kuchomwa mara mbili, kwa nafasi ya siku 14 hivi. Mbuzi wote wa kijiji chetu wanamalizwa kwa chupa chache. Tuko tayari kuchangia. Kikundi kina mfuko wake, na chama chetu cha msingi cha korosho kimekubali kulizungumza kwenye mkutano wa wanachama. Tunachokosa ni mtaalamu wa kusimamia, ili wote wachomwe siku moja, uzito ukadiriwe vizuri, na watu waambiwe muda wa kusubiri kabla ya kuchinja au kukamua, kama ulivyoandikwa kwenye chupa.

Tutaambiwa dawa ya mifugo ni jukumu la mfugaji. Tunakubali, kwa mbuzi wetu wa kawaida. Hawa waliletwa na mradi uliopitia halmashauri, wakaleta ugonjwa ambao hatukuwa nao. Na mtoto si mfugo.

Tutaambiwa upele hauui. Anayesema hivyo hajaona unapofika. Mtoto anajikuna kwa kucha zenye udongo, vidonda vinaingia bakteria, vinatunga usaha. Bakteria hao wanaweza kuleta ugonjwa wa figo, mtoto anaamka uso umevimba na mkojo una rangi ya kahawia, na wanahusishwa pia na ugonjwa wa moyo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele mwaka 2017, na linakadiria kuwa wakati wowote ule watu wapatao milioni 200 duniani wanao. Hapa nchini kampeni za kugawa dawa kwa jamii zinalenga matende na mabusha, usubi, kichocho, minyoo na trakoma, na kazi hiyo tunaishukuru kwa moyo wote. Wengi wetu tunakumbuka kupangwa mstari chini ya mti tukipimwa urefu kwa fimbo, ndipo tupewe vidonge vya matende. Moja ya dawa zile ilikuwa ivermectin. Zanzibar, ugawaji wa namna hiyo ulioanza mwaka 2001 ulifuatiwa na kupungua kwa wagonjwa wa upele kwenye vituo vya afya. Matende yakipungua mahali na ugawaji ukasimama, ni habari njema, lakini kinga ile ya upele tuliyokuwa tunaipata bila kujua nayo inaondoka. Mganga Mkuu wa Wilaya anapaswa kulitazama hilo.

Na tutaambiwa tusubiri sampuli zipelekwe mbali. Kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kipo hapahapa Mtwara. Kipimo chenyewe ni kukwangua ngozi ya mbuzi pembeni ya gamba kwa wembe mpaka damu ianze kuonekana, kuweka ule unga na tone la mafuta kwenye kioo, na kuangalia kwa hadubini. Mdudu huyu haonekani kila mara hata akiwepo, kwa hiyo wakwanguliwe mbuzi kadhaa, asiwe mmoja.

Tunachoomba ni haya:

(a) Afisa mifugo na muuguzi au tabibu waje kijijini pamoja, siku moja, kwenye gari moja, wakague mbuzi, mbwa na watu, na sampuli za mbuzi zipelekwe maabara.

(b) Ipangwe wiki moja ya tiba. Mbuzi wote watibiwe, pamoja na wasiojikuna, na mabanda yasafishwe. Wiki hiyohiyo kila nyumba yenye mgonjwa wa upele wa watu itibiwe yote. Dozi ya pili ya pande zote mbili isiachwe. Wengi wanaishia dozi ya kwanza, na mayai yaliyobaki yanaanza upya.

(c) Zahanati ipewe BBE ya kutosha familia nzima, na mafuta ya salfa kwa wachanga na wajawazito. Suala la vidonge vya ivermectin Mganga Mkuu alitolee uamuzi, atujulishe.

(d) Mradi wowote wa mifugo usigawe mnyama tena mpaka awe amekaa karantini na kukaguliwa, na kikundi kinachopokea kipewe nakala ya karatasi ya ukaguzi kabla ya kusaini.

(e) Walimu wakuu waandikiwe barua kwamba mtoto aliyeanza tiba anapokelewa darasani, na kwamba mwenye vipele vya kutoka kwa mbuzi hawaambukizi wenzake. Barua hiyo isomwe mstarini asubuhi, watoto wote waisikie.

(f) Ukaguzi wa watoto ufanyike kabla ya jando la likizo ijayo, kwa kushirikiana na ngariba na wazee.

Kwa upande wetu tumeshaandaa orodha ya kaya, idadi ya mbuzi wa kila kaya, na nani anajikuna. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ameipitia. Vijana wamejitolea kuwakusanya na kuwashika mbuzi siku ya tiba, na mwenyekiti wa kijiji ametoa uwanja wa ofisi. Mbuzi wagonjwa zaidi tumewatenga upande wa magharibi wa kijiji, na watoto wamekatazwa kuwachunga. Watu wazima ndio wanaowahudumia sasa, wakiwa wamevaa mikono mirefu.

Tunaomba jibu la maandishi, lenye tarehe ya timu kufika, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji kabla ya mkutano mkuu wa kijiji wa robo mwaka ijayo. Ukiweza kuja mwenyewe kwenye mkutano huo, tutakupokea kwa heshima zote, na tutakupeleka bandani uone.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha wafugaji wa mbuzi na wazazi wa kijiji.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Wilaya
Mkuu wa idara inayohusika na mifugo
Diwani wa kata
Mtendaji wa kata
Mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi